Wajawazito Hatupokei

Mlango wa gesti ninayofanyia kazi una ngazi ya vidato vitatu, na kwa miaka yote niliyokaa mapokezi nimempima kila mwanamke kwa vidato hivyo. Asiye na mimba huvipanda bila kuvifikiria. Mwenye mimba changa hupanda vivyo hivyo, ila huangalia anapokanyaga. Aliyefikisha miezi saba huweka mkono juu ya paja kwenye kidato cha pili, na akifika cha tatu husimama kidogo avute pumzi, hata kama anajikaza isionekane. Meza yangu inatazama mlango, kwa hiyo kabla mtu hajanisalimu nilikuwa nimeshajua kama atalala kwetu au hatalala. Nilijivunia jicho hilo. Limenidanganya mara mbili tu. Mara ya kwanza nilicheka wiki nzima, na mara ya pili ndiyo naiandika hapa.

Gesti iko Same mjini, hatua chache kutoka barabara kuu, na si mbali na pale yanapoegeshwa magari ya milimani. Ina vyumba tisa, bomba moja uani, na televisheni ambayo hushika chaneli mbili upepo ukiwa mzuri. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na kila mtu humwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Hajawahi kunipandishia sauti. Nikiumwa ananiletea ndimu na tangawizi kutoka kwenye friji ya nyumbani kwake. Nayasema haya mapema kwa sababu mtu akisikia habari ya kibao anafikiri Mwalimu ana roho mbaya, na ingekuwa hivyo mimi ningepumua.

Wageni wetu wengi ni wanaume: madereva, wanunuzi wa tangawizi, wafanyabiashara wanaoelekea Kihurio kutafuta mpunga, watu wa semina. Lakini gesti yoyote iliyo karibu na hospitali hupata na wageni wa aina nyingine. Mimi ni mtu wa milimani, Pare ya Kusini, na kijijini kwetu masika barabara ikikatika imekatika, unaweza kukaa siku tatu ukilisikia trekta linanguruma ng'ambo ya maporomoko bila kuliona. Kwa hiyo mwanamke mwenye mimba ya kwanza, au aliyewahi kupasuliwa, anaambiwa kliniki ashuke mapema akasubiri karibu na hospitali. Mwenye ndugu mjini anakwenda kwa ndugu. Asiye na ndugu anaweka khanga zake kwenye beseni, anapewa mama mkwe au wifi wa kumsindikiza, na anatafuta gesti.

Zamani Mwalimu aliwapokea. Kisha, kabla sijaajiriwa, mmoja akajifungulia chumba namba nne. Mama na mtoto walikuwa wazima kabisa, na nasikia baba wa mtoto alikuja na jogoo kushukuru. Lakini mgeni wa chumba namba tano alikuwa ameshahama kwa makelele, godoro lilichomwa uani, na majirani walijaa mlangoni kama kwenye mnada. Mwalimu hakulala siku mbili. "Hawa wamepona," alimwambia dada aliyenitangulia mapokezi. "Je, angekufa? Polisi wangekuja kwa nani? Ukoo wake ungekuja kwa nani?" Dada yule akajaribu kumpokea mwingine kwa huruma zake, wiki ile ile, na Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba ni afadhali atafute kazi nyingine. Nafasi yake ndiyo niliyoipata mimi.

Kibao nilikikuta kimeshapigiliwa ukutani, juu ya kichwa cha mtu wa mapokezi, maandishi meusi kwenye rangi nyeupe: WAJAWAZITO HATUPOKEI. Chini yake, kwa herufi ndogo: Kwa usalama wao.

Nina mdomo, sijifichi. Mama yangu alikuwa akisema wenzangu walizaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nikibisha. Kazi ile ilinifaa kama nimekatiwa. Wale wanawake walikuwa na ujanja mwingi na mimi nilikuwa na majibu yao yote. Mmoja anabaki nje uani na wifi yake ndiye anayekuja kuandika kitabu cha wageni. Mwingine anavaa koti la mume wake, na hapo unabaki njia panda, maana watu wote wa juu hushuka na makoti yao na joto la Same huwakuta njiani. Mwingine anakumbatia kapu la maparachichi mbele ya tumbo na kuniambia ni zawadi. Mmoja niliyembana sana aliniambia tumbo lile ni makande aliyokula asubuhi. Hilo nililirudia kwa kila mgeni aliyekuwa na muda wa kunisikiliza, na wote walicheka, na nilipenda walivyocheka.

Mara ya kwanza jicho liliponidanganya ni kwa mama mmoja mtumishi, mnene, aliyetoka Mwanga kwa kikao. Alishika paja kwenye kidato cha pili, akahema cha tatu, nami nikamwonyesha kibao kabla hajatua mkoba. Alinisomea mimi kibao changu! Aliniuliza kama nimesomea ukunga, akaniuliza mimba ya unene wa kurithi huzaliwa mwezi wa ngapi. Mwalimu alikuja mbio na soda ya baridi, tukampa chumba cha mbele chenye feni nzima. Kama nilivyosema, wiki nzima nilikuwa nacheka peke yangu nikitandika vitanda.

Mtu anaweza kuuliza, hakuna aliyesema kitu? Kibao hakikuwa siri. Bwana afya alikuja, akakagua vyoo, akapita vyumba vyote akihesabu vyandarua, akasimama mbele ya meza yangu na kukisoma. "Vyandarua viwili vimetoboka," alisema. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa akikisoma kila alipokuja kuangalia mpira. Aliyeuliza ni mmoja tu, afisa maendeleo, dada wa makamo aliyelala kwetu usiku mmoja. Alimwita Mwalimu na kumwuliza, "Mwalimu, samahani, hivi hii inaruhusiwa?" Mwalimu akamjibu kwa adabu zake zote, "Mwanangu, nionyeshe inapokatazwa, nitakishusha leo hii." Dada yule akaandika kitu kwenye daftari, akasema atauliza. Baada ya miezi kadhaa alirudi kwenye semina ya siku nne. Siku zote nne alipita chini ya kibao asubuhi na jioni. Nilimsubiri aseme. Aliniomba ndoo ya maji ya moto.

Mimi sheria siijui. Ninachojua ni kwamba mwenye duka akikataa kukuuzia chumvi kwa sababu ya kabila lako, mtaa mzima utasimama. Akilikataa tumbo lako, watu watakwambia ana sababu zake.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nane, wakati wa upepo. Upepo wa Same ukiamua unakuingizia vumbi mpaka ndani ya kitabu cha wageni, unaandika jina la mtu na kalamu inakwaruza. Ilikuwa kama saa kumi jioni. Magari ya milimani yalikuwa yameshaondoka mchana, na jingine lilikuwa mpaka kesho yake. Ukutani kwangu, kwenye misumari, funguo tano hazikuwa na mtu. Dereva wa lori alikuwa amekaa kwenye benchi akichaji simu.

Waliingia wanawake wawili. Wa mbele alikuwa mama wa miaka kama sitini, sweta juu ya kitenge, kilemba kimefungwa vizuri kwa safari. Alikuwa amebeba kikapu cha kusuka kwa mikono yote miwili, kimefunikwa na khanga mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Nyuma yake alikuja binti wa miaka ishirini na kitu, na beseni la kijani ubavuni lenye chupa ya chai na khanga zilizokunjwa. Kidato cha pili, mkono ukaenda kwenye paja. Kidato cha tatu akasimama. Aliegemea ukuta na kufumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko wote niliowahi kuwaona. Tumbo lilikuwa pale pale chini ya khanga. Nikaiweka kalamu mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tunaomba chumba kimoja tu, tulale. Kesho tunaondoka na gari la juu."

"Karibuni, poleni na safari," nikasema. "Ila huyu mwenzio kibao amekisoma?"

Yule binti akafumbua macho na kukiangalia. Akakisoma taratibu, na yale maandishi madogo pia. "Mimi sina mimba, dada," alisema. Alisema chini chini, bila kubisha.

Nilicheka. Namkumbuka dereva alivyoinua uso kutoka kwenye simu, tayari kucheka na yeye, na nakumbuka nilivyofurahi kuwa na msikilizaji. "Wote mnasema hivyo. Mwaka juzi mwenzio aliniambia ni makande." Dereva akacheka. "Na hilo beseni je, na khanga zote hizo? Mmekuja kufulia gesti?"

Yule mama akafungua mdomo. Binti akamgusa bega, akamwambia kwa Chasu, Kipare chetu, "Mama, acha. Twende." Nami nikaingilia kwa Chasu hicho hicho, nikiwaonyesha kwamba hawawezi kunificha kitu, nikawaambia kama ni hospitali basi waende hospitali, huko ndiko kwenye vitanda vya kazi hiyo.

"Tumetoka huko sasa hivi," mama akasema.

"Basi kama wamewaambia siku bado, rudini nyumbani mkasubiri."

Akakipandisha kikapu kifuani. Mzigo ulikuwa umemchosha waziwazi, na hapo hata mimi nilimwonea huruma, nikanyoosha mkono kukipokea kikapu. "Kitue chini kwanza, mama, upumzike kidogo." Alirudi nyuma hatua nzima, mpaka akagonga mlango. "Hiki hakiwekwi chini," alisema. Nikajua ni mayai. Watu wa juu hushuka na mayai na wakikosa bei nzuri hurudi nayo. Nikawatakia safari njema, wakashuka, na dereva akaniambia mimi ningefaa kuwa askari.

Kesho yake asubuhi nilikwenda pale kwenye magari kununua chapati za wageni, kama kila siku. Kuna mama anauza chai pale kwenye kibanda cha mabati, tunafahamiana miaka. Hakunisalimu. Alinifungia chapati kwanza, kisha akaniuliza, "Hivi wewe, jana uliwafukuza wale wanawake wawili?"

"Sikuwafukuza. Niliwasomea kibao."

"Wamelala hapa kwangu," alisema. "Mdogo nilimtandikia juu ya magunia. Mkubwa amekaa kitako mpaka kumekucha, kikapu mapajani." Akashusha sauti. "Yule binti kajifungua juzi. Mtoto hakulia."

Nilimwuliza sasa kwenye kikapu kulikuwa na nini. Sijui kwa nini niliuliza. Nafikiri nilitaka aniambie mayai.

"Unaniuliza nini kwenye kikapu," alisema, "na wewe ni Mpare?"

Nilipokuwa na miaka kama saba mama yangu aliondoka nyumbani na shangazi, tukabaki na baba. Waliporudi walikuja kwa mguu, mama mikono mitupu akitembea polepole, shangazi na kikapu kilichofunikwa. Mama alipita moja kwa moja ndani. Shangazi akabaki amesimama uani na kikapu mikononi, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nikamkimbilia kumpokea, nikamwambia kitue, shangazi, akanisukuma kwa goti. Ndilo pekee aliloweza kunisukuma nalo. Baba alichukua kofia akatoka, akaenda kwa jirani bila kuitwa. Wakaja wanawake watatu na jembe, wakaenda migombani nyuma ya nyumba. Hakuna aliyelia kwa sauti, hapakuwa na matanga. Walirudi wakanawa mikono, wakawasha moto, tukala. Mpaka nimekua mkubwa ndipo nilipoelezwa kwamba kumzika mtoto ambaye hakulia ni kazi ya wanawake, na kwamba katika nyumba yetu hawekwi chini popote njiani, huwekwa mara moja tu, kaburini. Nilikuwa na mdogo wangu pale migombani na nilikuwa najua alivyofika. Halafu nikafanyiwa jambo lile lile mbele ya meza yangu, beseni, khanga mpya, wanawake wawili bila mwanamume, kikapu kisichowekwa chini, nikaona mayai.

Mama chai alinishika mkono kabla sijatoka kibandani. "Ukienda pale usipayuke," aliniambia. "Usiseme pole. Konda akijua anawashusha." Alikuwa akinijua vizuri.

Walikuwa wamekaa kwenye gogo kando ya gari, yule binti amejikunja kwa upepo. Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni. Midomo ilikuwa imekauka ikapasuka. Mbele ya khanga, kifuani, kulikuwa na madoa mawili ya maji, na nikaelewa ni maziwa. Yalikuwa yanakuja na hakuna wa kuyanyonya. Nikamsalimu mama, "Shikamoo," na yeye akaitikia "Marahaba" kwa sababu hakuna mwanamke wa kwetu anayeweza kuiacha shikamoo ianguke chini, hata ya mtu kama mimi. Nikawapa chapati zote na chai. Maneno niliyokuwa nimeyapanga sikuweza kuyasema, maana abiria walikuwa wamesimama pande zote, na neno moja tu la huruma lingewaponza. Nilisimama pale kama mtu anayengoja chenji.

Ilipofika saa ya kupakia, konda akapanda juu ya keria na kuanza kupokea mizigo. Magunia, ndoo za rangi, dumu la mafuta. "Mama, leta kikapu huku juu!" Yule mama akatikisa kichwa. Konda akasema gari limejaa, kila mzigo unapanda juu, hata wa mchungaji. Mama akatikisa kichwa tena, akakikumbatia. Watu wakaanza kugeuka. Mwanamume mmoja aliyekuwa tayari ndani akauliza, kuna nini humo cha kuringia hivyo? Konda akaruka chini na kunyoosha mikono akichukue mwenyewe.

"Mayai hayo!" nikapiga kelele. "Wewe konda, umewahi kuona mayai yanafungwa kwenye keria kwa barabara ile? Yakivunjika utataga mengine? Mwache mama apakate mzigo wake!"

Watu walicheka. Konda akacheka pia, akanipungia mkono, anaufahamu mdomo wangu kama watu wote wa stendi. "Haya, mama wa mayai, panda mbele." Wakapanda. Mama akakaa karibu na dereva, kikapu mapajani, binti akapata dirisha. Huo ndio msaada pekee niliowapa, na nilikuwa nao tayari kwa sababu ya ujinga wangu wa jana yake.

Nilisogea dirishani. Nilitaka tu aone kwamba najua. Aliniona. Akainama kidogo ili mama asisikie, na akaniuliza kwa sauti ile ile ya jana, isiyo na hasira, sauti ya mtu anayeuliza gari linaondoka saa ngapi.

"Dada, ningekwambia ukweli, ungetupa chumba?"

Gari lilikuwa limeshawashwa. Ningeweza kusema ndiyo na likaondoka na neno langu, na labda angelibeba mpaka huko juu likamsaidia kitu. Lakini nilikuwa namfikiria Mwalimu aliyechoma godoro kwa ajili ya mtoto aliye hai. Nilikuwa nafikiria mgeni wa chumba cha pili akijua kuna maiti ya mtoto upande wa pili wa ukuta wake. Nilijifikiria na mimi mwenyewe, mapokezi, dereva akinisikiliza. Ningesimama, ningeweka mkono kifuani, ningesema pole sana mama, pole sana dada, kisha ningewakataa. Ningewakataa kwa upole zaidi, basi. Nikakaa kimya, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akafunga kioo kwa sababu ya vumbi.

Wiki ile sikuweza kula makande. Mwalimu aliniletea ndimu akidhani ni mafua. Siku ya tatu nikajikaza, nikamwambia, "Mwalimu, kile kibao kinaumiza watu." Habari ya kikapu sikumwambia, na mpaka leo sijamwambia. Alikaa kwenye benchi akafikiri, kama anavyofikiri kila jambo. "Unasema kweli," alisema. "Tena siku hizi kila mtu ana simu, mtu anakupiga picha anakuweka huko, unakuwa mbaya nchi nzima. Kishushe." Moyo ulinipanda na kushuka kwa pamoja. Kisha akaongeza, "Wewe utakuwa unawaambia tu kwa mdomo. Taratibu, bila kumwudhi mtu." Nilikishusha mwenyewe kwa nyundo. Sasa kinafunika pipa la maji uani, maandishi yakiangalia chini.

Ningependa kuandika kwamba niliacha kazi. Nilifikiria kuacha siku mbili au tatu, nikaulizia kwenye duka la vifaa, wakasema wana mtu. Mama yangu yuko juu ananitegemea, hilo ni kweli, ingawa si hilo lililonizuia. Nilikuwa nimeizoea meza yangu. Na niliwaza kwamba sasa ninajua, na mtu anayejua hawezi kufanya tena.

Mwezi haukuisha akaja mwingine. Mchana, jua kali, alikuwa peke yake, koti la kiume, beseni la bluu, chupa ya chai. Kidato cha pili akashika paja. Kidato cha tatu akasimama akapumua, akanitabasamia kwa ile haya ya mtu mgeni mjini. Alitazama ukutani pale kilipokuwa kibao, kama mtu aliyeonywa, na alipoona hapana kitu nikamwona anapata nguvu.

"Habari za mchana, dada. Naomba chumba. Ni siku chache tu."

Mwalimu alikuwa hayupo. Dereva hakuwepo, benchi lilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kunicheka au kunisikia. Nilikuwa na nafasi yote.

"Tumejaa," nikasema.

Nilisema taratibu, bila kumwudhi, kama nilivyoagizwa. Nyuma yangu zilining'inia funguo saba. Aliziangalia, akazipitia moja moja mpaka ya mwisho, kisha akanirudishia macho usoni na kuyaacha hapo kidogo, na mimi nikainamia kitabu cha wageni kama ninayetafuta jina.

"Asante, dada," akasema.

Akageuka. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikiwatazama wakipanda tu, wakishuka huwa nimeshainama kwenye shughuli zangu. Safari hii niliinua kichwa. Kumbe kwao kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwa sababu hawaoni wanapokanyaga. Alihamishia beseni mkono wa kushoto, akashika ukuta kwa wa kulia, akageuka ubavu, akatafuta kidato kwa ncha ya kandambili. Akakipata. Akapumzika. Akatafuta cha pili.